Chumvi ya Jumamosi

Mlango wa kioo ulisukumwa kwa bega, na mtu asiyejulikana na yeyote akaingia: suti ya kijivu imelowa chapachapa, tai imemzunguka shingoni kama kamba ya mbuzi aliyetoroka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana ukumbi wa kompyuta wa Mawingu, ghorofa ya pili pale mtaani Bupyeong, haukuwa na pa kuweka hata mwavuli. Kila kiti kilikuwa na mtu, kila mtu alikuwa na vidole juu ya kibodi, na harufu ya tambi za pilipili ilikuwa imetanda hadi kwenye mapazia. Hakuna aliyegeuka kumwangalia mgeni isipokuwa Bomi, kwa sababu Bomi ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya njia, bakuli la tambi mkono huu, sahani ya wali wa kukaanga mkono ule.

"Samahani, dada," mgeni alisema akihema. "Mna gundi?"

"Gundi?" Bomi alimtazama kuanzia nywele hadi soksi. "Hapa tunauza saa za kompyuta na chakula. Unataka kucheza au kula?"

"Nataka kwenda harusini. Soli imebanduka pale kwenye ngazi."

"Harusi yako?"

"Hapana! Ya mwenzangu wa kazini."

"Basi tulia. Bila wewe wataoana tu."

Kutoka jikoni ikapaa sauti ya Mama Mkubwa, dada wa mama yake Bomi na mwenye ukumbi: "Bomi! Tambi za watu zinavimba!"

"Nakuja, Mama Mkubwa! Kuna bwana hapa anatafuta gundi!"

"Mpe kiti kwanza! Mtu aliyelowa hasimamishwi mlangoni kama mdai kodi!"

Kiti kilichobaki kilikuwa kile kibovu karibu na jiko, kinachoyumba kila ukipumua. Mgeni akakalia hicho. Bomi alimletea taulo, ndara moja ya ukumbi na gundi, kisha akamwekea tambi zenye yai kwa sababu gundi ilihitaji kukauka, na tumbo la mtu mzima halisubiri gundi. Alikuwa amevaa fulana nyeusi na aproni ya njano yenye madoa ya mchuzi, nywele amezikusanya utosini na kuzichomeka kijiti cha kulia tambi. Mgeni alikitazama kile kijiti kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili kutazamwa kijiti.

Ila macho yake hayakukaa hapo. Yalihamia kwenye skrini za majirani. Nusu ya ukumbi ilikuwa inacheza Bonde la Mito, kama kila Jumamosi: mchezo wa ngome, mashamba, majeshi na soko. Kila mchezaji ana ngome yake. Analima mpunga, anachimba chuma, anachemsha chumvi, anauza asichohitaji na kununua alichokosa, na bei hupanda na kushuka kadiri watu wanavyohitaji. Jumamosi ni siku ya vita, na siku ya vita askari wasio na chumvi chakula chao huoza, na ngome yao huanguka kabla jua la mchezo halijatua.

"Chumvi imepanda tena," mgeni alinong'ona peke yake.

Bomi akasimama. "Kumbe unacheza?"

"Naangalia tu."

"Soko haliangaliwi, bwana. Linanunuliwa."

Akacheka, na uso wake uliolowa ukawa uso wa mtu mwingine. "Kuna muuzaji mmoja, anajiita Kijiko Kikavu. Ndiye peke yake asiyepandisha bei siku za vita. Miaka yote. Sijawahi kuelewa anapata faida gani."

"Labda ni mjinga," Bomi alisema, akijifanya kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Labda. Lakini ningependa siku moja kukaa meza moja na mjinga wa namna hiyo."

Bomi akageuka haraka kuelekea jikoni, maana mashavu yalikuwa yanamsaliti. Kijiko Kikavu alikuwa yeye.

Gundi ilikauka na mvua ikakatika. Harusi ilifika kwenye keki na picha, na yule bwana bado alikuwa amekaa, anakunywa mchuzi wa tambi zilizokwisha. Alipoondoka alisahau kuvua ndara. Kiatu kilichogundishwa kikabaki chini ya meza, kimejinyamazia.

*

Aliitwa Pyo Dohan. Alirudi kufuata kiatu, akasahau mwavuli. Akarudi kufuata mwavuli.

"Huyu kijana," Mama Mkubwa alisema akikatakata vitunguu vya majani, "akiendelea hivi atatuachia na meno yake."

Walianza kwa simu, kama wanavyoanza watu wengi. Dohan alipiga akiwa ndani ya treni kutoka kazini. Bomi alipokea akiwa na simu imebanwa kati ya sikio na bega, anakoroga.

"Umekula?"

"Nafanya kazi jikoni, unaniuliza kama nimekula?"

"Wapishi ndio hushinda na njaa. Umekula?"

"...Bado."

"Unaona! Kula, nasikiliza. Sitakata mpaka nisikie unatafuna."

Jumapili moja walikutana kwenye maduka ya chini ya ardhi. Hata mzaliwa wa Bupyeong hupotea huko chini, na Dohan alipotea mpaka Bomi akaenda kumchukua mbele ya duka la soksi. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Bomi alikuwa amevaa gauni la rangi ya tini na viatu vya raba. Nywele, kwa mara ya kwanza, zilikuwa mabegani. Dohan alisahau alichotaka kusema, akasema kingine.

"Kijiti kiko wapi?"

"Kimepumzika. Leo Jumapili."

Walikula keki za mchele zenye pilipili wakiwa wamesimama, wakapepea ndimi zao kama watoto. Wakaulizana mwaka wa kuzaliwa, ikaonekana Dohan amemzidi umri.

"Basi niite kaka."

"We! Jina la kaka haliombwi. Linapatikana kwa jasho." Bomi alijua anachokataa. Kwa watu wa huku, msichana akimwita kijana asiye ndugu yake kaka kwa sauti ya chini, majirani huanza kuulizana kuhusu ukumbi wa harusi.

Dohan alimwambia kwamba anafanya kazi kwenye kampuni yenye mchezo wa Bonde la Mito, "upande wa malalamiko ya wateja", kwa mkataba wa muda, na kwamba wakimpenda watamfanya wa kudumu mwaka huu. Bomi naye akamwambia yale ambayo hakuwa amemwambia mtu: jinsi alivyomaliza chuo na cheti kizuri, akaandika maombi ya kazi mpaka akachoka kuyahesabu, na kila kampuni ikamjibu kwa adabu kwamba haimhitaji. Jikoni kwa Mama Mkubwa palikuwa ni pa kusubiria tu, na kusubiri kukageuka maisha.

"Lakini kuna mahali pamoja watu wananijua," alisema. "Nilijenga ngome tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Watu wakisikia jina lake wanajua hawatapunjwa." Akamtazama pembeni. "Mimi ndiye yule mjinga. Kijiko Kikavu."

Dohan alicheka mpaka muuza keki akageuka. Kisha kicheko kikamwishia ghafla, na kivuli kikapita usoni mwake.

"Vipi?" Bomi akauliza.

"Hakuna. Pilipili."

*

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bomi hakulisema.

Vijana wa huku wakiitwa jeshini huacha mbwa kwa mama, gitaa kwa rafiki, na ngome kwa dada. Mdogo wake Sihu alikuwa amechukuliwa na jeshi la majini. Usiku wa kuondoka alimpa neno la siri la ngome yake na kumwomba, "Dada, nilelee tu, isibomoke." Ngome isiyoshughulikiwa huota magugu, kisha huporwa. Kanuni ya mchezo ilikuwa wazi kama bango la barabarani: mtu mmoja, ngome moja. Ila kila dada alikuwa analea, na kila mtu alijua kila dada analea. Bomi akawa anaamsha ile ngome, inayoitwa Kambare Mzembe, pale wateja wanapokuwa wameshiba, anafagia, anachemsha chumvi, anaiweka ghalani, anailaza tena. Chumvi ya Sihu ikajaa pomoni.

Halafu wakaja Tai Weusi.

Walikuwa muungano wa ngome kubwa kubwa, watu wenye muda na wenye pesa. Walianza kununua chumvi yote sokoni, asubuhi na jioni, wakaifungia maghalani. Bei ikapaa. Wadogo wakauza chuma, wakauza farasi, mwishowe wakafungua malango wenyewe, na Tai Weusi wakaingia bila kurusha mshale.

"Hii ni haki?" Bomi alimuuliza Dohan kwenye simu.

"Kununua si kosa. Kanuni haisemi mtu asinunue sana."

"Sijakuuliza kanuni. Nimekuuliza haki."

Upande wa pili treni ilipita kwenye daraja. "Nimewaandikia wakubwa," alisema Dohan taratibu. "Wanasema soko litajirekebisha lenyewe."

"Soko lina mikono? Watu ndio hulirekebisha."

"Ukikasirika sauti yako inakuwa tamu, ujue."

"Usinibadilishie mada, wewe!"

Jioni ile Bomi alifungua ghala la Kambare Mzembe. Aliiuza chumvi ya Sihu kwa Kijiko Kikavu kwa bei ya zamani, na Kijiko Kikavu akawauzia wadogo kwa bei ileile, Jumamosi hiyo na iliyofuata. Moyo ulimwambia ni kosa. Moyo huohuo ukamwambia ni kosa dogo.

Msemaji wa wale wadogo alijiita Bibi Kabichi. Bomi hakujua kama ni bibi kweli au ni dereva wa lori mwenye ndevu. Alijua tu kwamba anaandika polepole na hakosi shukrani.

"Mwanangu, na Jumamosi hii tutapata?" Bibi Kabichi aliandika Jumanne.

"Mtapata. Bei ileile."

"Kweli?"

"Ahadi," Bomi akajibu, akaenda kugeuza mayai.

*

Kesho yake Dohan alitokea mchana, siku ya kazi, bila kupiga simu. Hakukaa. "Tunaweza kutoka kidogo?"

Walisimama kwenye ngazi, karibu na mashine ya kahawa inayonguruma. Dohan hakununua kahawa.

"Yameletwa malalamiko," alisema. "Kutoka kwa Tai Weusi. Ngome mbili zinauziana chumvi kwa bei ya kupeana, na zote mbili zinaingia kwa mtandao wa hapa. Mawingu."

Bomi akapangusa mikono kwenye aproni. "Hapa pana kompyuta tele. Watu wanaingia na kutoka kama nyuki."

"Najua. Ningeandika hivyo na shauri lingefungwa. Kila ukumbi wa kompyuta una utetezi huo." Akashusha sauti. "Lakini Kambare Mzembe huamka watu wakishashiba, Bomi. Na mtu akiagiza tambi, Kambare analala."

Mashine ya kahawa ikazimika, ikawaka.

"Ningeandika?" Bomi alirudia. "Wewe si unapokea malalamiko tu?"

"Mimi ni mkaguzi wa soko. Haturuhusiwi kuwaambia wachezaji."

"Haturuhusiwi," alimwigiza. "Kwa hiyo siku ile ya mvua ulikuja kunipeleleza."

"Nilikuja na kiatu mkononi! Nani anapeleleza kwa soksi?"

Siku nyingine Bomi angecheka hadi akae chini. "Mkaguzi gani anakaa anatazama bei huku anakula tambi zangu? Na mimi nikakwambia kila kitu. Nikakwambia mpaka barua za kukataliwa!"

"Bomi, nisikilize. Nimejitoa kwenye shauri. Nimewaambia ninakufahamu, na nikaomba ruhusa nije nikwambie mwenyewe. Mwingine ndiye ataamua."

"Yaani umenikabidhi."

"Nimejitoa."

"Ni kitu kilekile!" Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa hasira. "Walanguzi wamekausha bonde zima, hao hawana kosa. Mimi niliyegawa chumvi ndiye mwizi. Nenda, Bwana Pyo. Nina wateja."

"Ungeniambia kuhusu ngome ya Sihu..."

"Na wewe ungeniambia kuhusu kazi yako! Nenda!"

Akashuka ngazi taratibu. Bomi alirudi jikoni, akachoma mayai ya watu mpaka yakawa meusi, na Mama Mkubwa akayatupa.

*

Hukumu ilitoka siku iliyofuata. Ngome ya Kambare Mzembe imefungwa pamoja na kila kilichomo ghalani. Kijiko Kikavu amepewa onyo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: mkaguzi wa awali alijitoa kwa kuwa anafahamiana na mchezaji.

Sihu alipiga simu meli yao ilipotia nanga. Bomi akamweleza yote kwa sauti inayokwamakwama.

"Dada, mimi ndiye niliyekutuma uvunje kanuni," Sihu alisema. "Pole mwaya. Nilidhani imeshabomoka zamani. Huku tunawaza kulala tu."

Mama Mkubwa alikuwa anamenya vitunguu saumu, sikio likiwa kwenye simu kama kawaida yake. Bomi alipokata simu, Mama Mkubwa akasema, "Yule kijana wako. Angeandika kwamba ni wateja wawili tofauti, nani angekuja hapa kuhesabu watu?"

"Hakuna."

"Na wewe ungemfurahia?"

Bomi alichukua kitunguu saumu kimoja, akaanza kukimenya. Alijiona anacheka na Dohan mbele ya duka la soksi, na uwongo mdogo umekaa katikati yao unatafuna keki yao. "Sijui," alisema, ingawa alikuwa anajua.

Kulikuwa na Jumamosi ya kuwaza pia. Chumvi aliyomwahidi Bibi Kabichi ilikuwa imefungiwa kwa Kambare. Ijumaa, baada ya wateja wa mchana kupungua, alipiga namba ya huduma kwa wateja ya Bonde la Mito, akasikiliza muziki, akabonyeza alichoambiwa abonyeze.

"Tunakupenda, mteja wetu," ikasema sauti, kwa salamu ileile ambayo makampuni huwalazimisha wahudumu wao kuitamka kwa kila apigaye, hata apigaye kutukana. "Mimi ni mhudumu Pyo Dohan. Nikusaidie nini?"

Bomi nusura aangushe simu kwenye sufuria.

"Dohan?"

"Ndiyo, mteja."

"Wewe unafanya nini huko? Si ulikuwa mka..."

"Mteja, ningependa kukufahamisha kwamba simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma."

Bomi akaegemea jokofu. Akavuta pumzi. "Sawa. Mteja ana swali. Kuna mkaguzi mmoja alikuwa huko juu. Amepatwa na nini?"

"Mkaguzi huyo, mteja, alimjua mchezaji mmoja kwa jina kwa wiki kadhaa na hakuripoti, kama inavyotakiwa. Alipojitoa ndipo ikajulikana. Amehamishiwa kwenye simu."

"Na ile ajira ya kudumu?"

"Imeahirishwa, mteja. Haikutajwa mpaka lini."

Mvuke wa sufuria ulimpiga usoni, akauacha. Kumbe pale kwenye ngazi alikuwa ameshajua kitakachompata, na hakulisema. "Anajuta?"

"Anajuta kwamba hakuripoti tangu siku ya keki za mchele. Aliogopa angekatazwa kumpigia mchezaji huyo simu. Na anajuta kwamba hakumwambia mchezaji kazi yake. Mengine, mteja, angeyafanya tena."

"Mteja naye," Bomi alisema, "alifanya kosa akijua ni kosa. Aliona huruma yake inampa ruhusa. Andika hivyo kwenye hiyo rekodi yenu."

"Nimeandika."

"Chumvi iliyofungiwa haitoki hata kwa ahadi ya mtu?"

"Haitoki, mteja. Samahani sana."

"Sawa. Nilijua." Akapangusa pua kwa kona ya aproni. "Kuna lalamiko jingine. Mteja alimfukuza mtu asiyestahili kufukuzwa. Hili halitatuliki kwa simu. Mhudumu itabidi aje mwenyewe. Kesho mchana. Umenisikia, kaka?"

Upande wa pili Bomi alisikia wahudumu wengine kwa mbali, kila mmoja akiwapenda wateja wake.

"Ombi lako limepokelewa," Dohan alisema hatimaye, sauti imepasuka kidogo. Palibaki maneno ya kufungia, yale ambayo hakuna simu inayokatwa bila hayo. Aliyatamka taratibu, moja moja, kana kwamba ndiyo kwanza yametungwa.

"Tunakupenda, mteja."

*

Jumamosi Mama Mkubwa alimvua Bomi aproni kwa mikono yake. "Leo tambi ni zangu. Kaa, ukapigane."

Dohan aliingia na koti la jinzi na mfuko wa machungwa, viatu vyote viwili miguuni. Bomi alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, kijiti utosini, macho mekundu kidogo. Walitazamana. Hawakukumbatiana, maana ukumbi ulikuwa umejaa na Mama Mkubwa alikuwa anachungulia kwenye dirisha la jikoni. Dohan alivuta kiti kibovu, akakaa kando yake, kiti kikayumba, akashika meza.

"Nisamehe," alisema.

"Nisamehe na mimi. Menya chungwa."

Kwenye skrini, Tai Weusi walikuwa wameizunguka ngome ya Kijiko Kikavu pande zote isipokuwa upande wa mto. Bei ya chumvi ilikuwa imefika mahali ambapo haijawahi kufika. Ghala la Bomi lilikuwa na chumvi ya kuwatosha askari wake mpaka jua la mchezo litue, na hakuna zaidi. Ilikuwa pia sawasawa na ile aliyowaahidi wadogo.

Meseji ikaingia kutoka kwa mkuu wa Tai Weusi: "Tuuzie sisi hiyo chumvi kwa bei ya leo. Tutaondoka langoni kwako na hatutarudi."

Chini yake ikaja nyingine, iliyoandikwa polepole: "Mwanangu, tumesikia yaliyokupata. Usituletee. Sisi hatukudai. Ahadi tumeifuta. Bibi Kabichi."

Bomi akakaa na mikono mapajani. Miaka yake yote ya chuo ilikuwa ndani ya kuta zile, na miaka ya barua za kukataliwa: asubuhi alizoamka bila pa kwenda, akaenda huko. Hapakuwa na mahali pengine popote ambapo jina lake lilikuwa na uzito.

"Nikiwapelekea, ngome inaanguka leo," alisema.

"Najua."

"Niambie nifanye nini."

"Siruhusiwi. Mfanyakazi wa kampuni hashauri mchezaji." Dohan aliweka kipande cha chungwa kiganjani mwake. "Na hata ningeruhusiwa nisingesema. Nitakaa tu hapa."

"Hata ikianguka?"

"Hasa ikianguka."

Bomi akala kile kipande. Kilikuwa kichungu, akakunja uso, akacheka kidogo, machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Wao wameifuta," alisema. "Mimi sijaifuta."

Akafungua ghala. Akaandika bei ya zamani, ileile ya siku zote, akachagua jina la Bibi Kabichi, akabonyeza. Magunia yakatoka kwa lango la nyuma, yakavuka mto, mpaka ghala likabaki sakafu tupu.

Mahali fulani ukumbini mtu alipiga kelele, "Jamani, Kijiko Kikavu ameuza! Ameuza kwa bei ya zamani!" na vichwa vikaanza kuinuka kutoka kwenye skrini, kimoja baada ya kingine. Mama Mkubwa akazima jiko.

Askari wa Bomi walishikilia kuta muda mfupi kuliko alivyotarajia. Lango la kaskazini lilipasuka, bendera nyeusi zikamiminika ndani, na nyumba, mashamba na majiko ya chumvi vikaanza kuwaka kimoja baada ya kingine. Dohan aliushika mkono wake mbele ya watu wote. Bomi hakuwa anatazama moto. Alikuwa anasoma neno moja lililokuwa limetokea pembeni mwa skrini, lililoandikwa polepole na mtu asiyemjua:

"Imefika."